Morfini ya maji nyumbani Lamu: dawa njema, kijiko kibaya

Chupa ya morfini ya maji anayorudi nayo mgonjwa kutoka hospitalini haina mengi ya kutazamwa: plastiki ya rangi ya hudhurungi, kizibo cha kukaza, kibandiko kilichoandikwa kwa kalamu. Maji yaliyomo ni machungu. Lakini yakinywewa sawasawa, mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi ambaye kwa maumivu alikuwa hawezi hata kugeuka kitandani hulala usiku kucha, akaamka, akaswali kwa kukaa, akaomba mwenyewe kikombe cha uji. Katika dawa za kunywa hatujui nyingine inayoifanya kazi hiyo kwa uhakika kama huo.

Tumeipima hapa kama kitu kinachotumika ndani ya nyumba za Lamu, pamoja na vyote vinavyopaswa kufuatana nayo: kibandiko, kipimo, saa za kunywa, dawa ya choo, mahali pa kuiweka na njia ya kupata nyingine. Hukumu yetu tuitoe mapema. Dawa yenyewe ni bora. Vinavyoizunguka vina kasoro, na mara nyingi familia inaposema dawa "ilimlevya" mgonjwa au "haikumfaa", ukichunguza utakuta ni kimojawapo cha hivyo kilichoharibika.

Ubora wake hauhitaji maneno mengi. Morfini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza, mwaka 1977. Shirika hilo lilipotoa mwongozo wa maumivu ya saratani mwaka 1986, liliiweka kwenye kidato cha juu cha ngazi: chini parasetamoli na jamaa zake, katikati kodeini, juu morfini. Parasetamoli ina kikomo, gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Tramadoli, dawa nyingine ya kidato cha kati, ina kikomo, miligramu 400. Ukivuka hapo unaongeza madhara bila kuongeza nafuu. Morfini haina kikomo cha namna hiyo. Huongezwa hatua kwa hatua mpaka maumivu yanyamaze au madhara yaseme basi. Mgonjwa akishaanzishiwa, kodeini na tramadoli huachwa, lakini parasetamoli huendelea, maana yenyewe na morfini husaidiana.

Sasa kasoro. Ya kwanza, na ndiyo ya hatari kuliko zote, ni namba mbili zinazofanana. Morfini ya maji mara nyingi huchanganywa na mfamasia wa hospitali kutoka kwenye poda, na nguvu zinazokutikana sana ni mbili: miligramu 1 katika kila mililita, na miligramu 10 katika kila mililita. Mililita 5 za chupa ya kwanza ni miligramu 5, dozi ya kawaida ya mtu mzima anayeanza. Mililita 5 za chupa ya pili ni miligramu 50, na kwa anayeanza hiyo ni dozi ya kumzimisha pumzi. Uganda hutia rangi ili watu wasichanganye: ya kijani ndiyo hafifu, nyekundu ina nguvu mara kumi. Huku kwetu usitegemee rangi. Soma kibandiko.

Kosa lenyewe kwa kawaida halitokei siku ya kwanza. Hutokea siku ya kubadilisha chupa. Mgonjwa amepandishiwa dozi, hospitali imempa ile kali ili asibebe chupa tatu kwenye mashua, na anayemuuguza anaendelea kuvuta mililita zilezile alizozoea. Kwa hiyo kibandiko kizuri kinapaswa kubeba mambo matatu kwa pamoja: nguvu ya dawa (miligramu ngapi kwa mililita), dozi kwa miligramu, na dozi hiyohiyo kwa mililita. Kikikosa hata kimoja, usiondoke dirishani kabla mfamasia hajakiandika. Na chupa ya zamani isirudi nyumbani pamoja na mpya. Chupa mbili za nguvu tofauti hazikai kasha moja.

Kipimo ndicho kinachofuata. Vijiko vya nyumbani havilingani: kijiko kimoja cha chai chaweza kubeba mililita 3, na jirani yake 6. Ndani ya nyumba moja, binti anayempa mama dawa asubuhi na dada yake anayempa usiku wanaweza kuwa wanatoa dozi mbili tofauti bila kujua. Kinachotakiwa ni sirinji isiyo na sindano, ya mililita 5 au 10, na kwa dozi ndogo za dawa kali, ya mililita 1 au 2. Ni kitu cha bei nafuu sana, na bado ndicho kinachosahauliwa sana. Iombe. Ingiza ncha ya sirinji safi na kavu ndani ya chupa iliyoinamishwa, vuta kupita kidogo mstari unaotakiwa, igeuze ncha juu, gonga ili viputo vipande, kisha sukuma hewa itoke mpaka ukingo wa raba ulingane na mstari. Mpe mgonjwa akiwa ameinuka, pembeni ya shavu, polepole. Kwa asiyesoma namba, muuguzi azungushe utepe kwenye mstari wa dozi. Dozi ikibadilika, utepe uhamishwe mbele ya anayeuguza.

Uchungu wake hupunguzwa kwa kunywesha kidogo cha sharbati ya ukwaju au maji ya asali baada ya dawa. Kuichanganya ndani ya bilauri nzima si vizuri: akishiba nusu, hujui amekunywa miligramu ngapi.

Kisha kuna saa. Hapa Kiswahili chenyewe huweka mtego, na inasikitisha kwamba wanaoandika vibandiko hawauoni. "Kila saa nne" msomaji ana haki ya kuielewa kuwa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Akanywa mara mbili kwa siku dawa ambayo huanza kazi ndani ya nusu saa hivi na kuisha nguvu baada ya muda wa saa nne. Muda uliobaki anaumia, na familia inahitimisha kwamba dawa haifai. Ziandikwe saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Ya saa 4 usiku huwa maradufu ya nyingine, ili mgonjwa na anayemuuguza walale mpaka asubuhi bila kuamshana saa 8 za usiku.

Wengi Lamu hupanga siku yao kwa adhana, na si ajabu kusikia ushauri wa kumpa mgonjwa dawa "kila swala". Kwa dawa nyingine huenda ikafaa. Kwa morfini haifai hata kidogo. Kati ya alfajiri na adhuhuri hupita zaidi ya saa saba. Kati ya magharibi na isha ni kama saa moja na robo. Mgonjwa atakaa asubuhi nzima bila dawa, kisha jioni dozi mbili zikutane mwilini. Kengele ya simu ndiyo inayofaa.

Ramadhani huja na lake. Mgonjwa ameruhusiwa na dini yake kutofunga, na hilo alisikie kwa mtu anayemwamini, shehe wa mtaa au mzee wa nyumba, kwa sababu akisikia kwa daktari peke yake huenda asitulie moyo. Anayeshikilia kufunga hata hivyo asiachwe akikatiza dozi za mchana kimyakimya. Kuna vidonge vya morfini vinavyoachia dawa polepole, vinavyomezwa kila baada ya saa 12, na daku na futari huku kwetu zimeachana karibu kiasi hicho. Daktari huvigeuza kwa hesabu rahisi: jumla ya morfini ya maji ya saa 24 hugawanywa mara mbili. Vidonge hivyo humezwa vizima. Ukivisaga kwa sababu mgonjwa ana saratani ya umio na hawezi kumeza, umemwaga dawa ya nusu siku mwilini kwa mara moja.

Dozi ya kuanzia kwa mtu mzima ni miligramu 2.5 hadi 5 kila mara. Mzee sana, aliyekonda sana au mwenye figo dhaifu huanza na 2.5, na nafasi kati ya dozi huongezwa ikawa saa 6 au zaidi, maana mabaki ya morfini hutoka mwilini kupitia figo na zikishindwa hurundikana. Mtoto hupimwa kwa uzito wake. Nusu ya dozi ya mtu mzima si dozi ya mtoto. Na mgonjwa aliyekuwa akichomwa morfini wodini asipewe namba ileile ya kunywa, kwani ya sindano ina nguvu mara mbili hadi tatu. Hili huwaponyoka hata wanaotoa ruhusa ya kwenda nyumbani, na mgonjwa hufika kwake akiwa na nusu au theluthi ya nafuu aliyokuwa nayo.

Maumivu yakichomoza kati ya dozi mbili, hutolewa dozi ya nyongeza inayolingana na ile ya kila mara, na ile inayofuata hainyimwi. Kila nyongeza iandikwe. Ndizo zinazomwambia muuguzi apandishe kiasi gani. Chukua mgonjwa anayekunywa miligramu 5: nne za mchana na ile maradufu ya usiku zinafanya 30 kwa siku. Akihitaji nyongeza tatu, jumla ni 45. Gawanya kwa sita, unapata 7.5, na hiyo ndiyo dozi yake mpya. Daftari la kurasa arubaini linatosha: tarehe, saa, mililita, na maumivu kwa vidole, ngumi iliyofumbwa ikiwa hakuna maumivu na vidole vitano yakiwa makali kupita yote. Mgonjwa asiyeweza kuzungumza huweza kunyoosha vidole.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoamua kama dawa itafika mwisho wa mwezi. Mililita 30 kwa siku za ile hafifu, na chupa ya mililita 500 ni siku 16. Ukiweka nyongeza mbili kwa siku, ni siku 12. Kwa mtu wa Langoni au Mkomani, mjini Lamu, kuishiwa ni usumbufu wa asubuhi moja. Kwa mtu wa Kizingitini, Faza au Kiunga ni jambo jingine: mkondo wa Mkanda, njia ya mashua, hupitika vizuri maji yakijaa, na kusi ikikaza katikati ya mwaka nahodha mwenye akili hatoki. Kwa hiyo safari ya kufuata dawa ianze chupa ikiwa na siku 5 ndani yake. Hospitali inayojua hali ya visiwa hutoa kiasi kinachozingatia safari. Ikiwa inatoa ya wiki moja kwa wote, mwenye mgonjwa aiseme hali yake waziwazi na aombe iandikwe kwenye faili. Kukatika ghafla kwa dawa kuna adhabu mbili: maumivu hurudi yote, na mwili uliozoea hutoa jasho, makamasi, kuhara na fadhaa. Hata pale maumivu yanapopungua, tuseme baada ya matibabu ya mionzi, dozi hushushwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Tuje tumboni, ambako huduma nyingi huanguka. Morfini hufunga choo. Haifanyi hivyo kwa baadhi ya watu tu. Hufanya hivyo karibu kwa kila anayeinywa, na mwili hauzoei hata baada ya miezi. Madhara mengine huja na kuondoka, hili hubaki. Kwa hiyo chupa ya morfini itoke dirishani pamoja na dawa ya choo, siku ileile, kabla tatizo halijaanza: bisakodili miligramu 5 hadi 10 usiku, au sena. Isipokuwa kwa mgonjwa anayehara, kuandika morfini bila dawa ya choo ni kazi nusu, na tunalisema hilo kwa uzito kwa sababu matokeo yake ni ya kuhuzunisha. Siku ya tano tumbo limejaa, linauma, mgonjwa anatapika, na anayemuuguza anaacha morfini. Papai, tende na maji ya kutosha husaidia, ila peke yake haviwezi kushindana na dawa hii. Zikipita siku tatu bila choo, muuguzi apigiwe; huenda kinachohitajika ni dawa ya kuingizwa kwa nyuma au kidole chenye glavu na mafuta. Tumbo likivimba kwa maumivu ya kukata na hata upepo hautoki, dawa ya kusukuma choo isiongezwe. Hiyo ni safari ya hospitali.

Kichefuchefu huwapata baadhi ya watu katika siku za mwanzo, na metoklopramidi miligramu 10 mara tatu kwa siku, nusu saa kabla ya chakula, huwatosha wengi wao. Usingizi nao huja siku mbili tatu za kwanza. Familia ijulishwe mapema, kwa sababu mtu ambaye hakulala wiki nzima kwa maumivu akipata nafuu atalala sana, na watu wa nyumbani hushtuka. Kipimo ni kumwamsha: akiitwa akafungua macho, akajibu na kumtambua anayemwita, huo ni usingizi alioukosa. Akiamshwa asiamke, akivuta pumzi chini ya mara 8 kwa dakika, mboni za macho zikiwa ndogo kama kichwa cha pini, dozi inayofuata isitolewe na hospitali ijulishwe papo hapo. Dalili ya mapema zaidi, ambayo wengi hawaijui, ni misuli kurukaruka yenyewe, mikono ikishtuka, pamoja na kuona vitu visivyokuwepo. Mara nyingi hiyo ni figo kushindwa, au mgonjwa kukaukiwa na maji. Dozi hupunguzwa au nafasi huongezwa.

Yapo maumivu ambayo morfini haiyamalizi peke yake. Yale ya kuchoma kama pilipili au kupita kama umeme mguuni ni ya mishipa ya fahamu, na huhitaji amitriptilini, miligramu 12.5 hadi 25 usiku. Ya mfupa huitikia ibuprofeni kwa asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo, na mionzi inapopatikana. Kwa upande mwingine, morfini ina kazi ambayo watu hawaitarajii: dozi ndogo, miligramu 2.5, humpunguzia mgonjwa wa mapafu au wa moyo ile hofu ya kukosa pumzi.

Lakini hakuna kinachowanyima wagonjwa dawa hii Lamu na Malindi kama neno moja: unga. Heroini imeharibu vijana wengi pwani, na mama aliyeona mwanawe akiwa teja hatapokea kwa moyo mweupe chupa anayoambiwa ni ya jamii moja na unga. Hofu yake ina sababu, na haifai kupuuzwa kwa maneno mawili. Aelezwe tofauti iliyopo. Teja hutafuta kileo, na kila siku hutaka zaidi ingawa maisha yake yanabomoka. Mgonjwa hutafuta kuondokewa na maumivu. Akiondokewa, hakai akiwaza chupa, na dozi yake huweza kukaa palepale kwa miezi ugonjwa ukitulia. Mwili wa mgonjwa huzoea, ndiyo maana haikatwi ghafla, na kuzoea huko ni kitu kingine na uteja. Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inaruhusu morfini kwa matibabu, ikiandikwa na daktari. Nakala ya cheti chake ikae pamoja na chupa, hasa safarini, maana vizuizi vya barabara kati ya Lamu na Malindi si vichache na mizigo hufunguliwa.

Aliyewahi kutumia unga naye huumwa saratani, na haki yake ya kutulizwa maumivu haijapungua. Aseme ukweli kwa daktari, hasa ikiwa anakunywa methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga, kwa sababu dozi zake hupangwa tofauti na dawa hizo mbili hujumlishana kwenye pumzi. Nyumba yake ndiyo inayohitaji chupa ndogo zaidi na za mara kwa mara.

Hofu ya pili ni kwamba morfini ni dawa ya kukata roho. Imeenea kwa sababu ya namna ilivyotumika: huletwa siku ya mwisho, mgonjwa anafariki siku ya pili, na dawa inabebeshwa lawama ya ugonjwa. Inapaswa kuanza siku ambayo kodeini imeshindwa, hata kama mgonjwa ana mwaka mzima wa kuishi na bado anapata matibabu ya kuponya.

Kuhusu mahali pa kuiweka, nyumba ya mawe ya Kiamu ina vidaka ukutani, vyenye kivuli na ubaridi, na chupa nyingi huishia humo. Kwa joto na mwanga ni pazuri. Kwa watoto ni pabaya, kwani kidaka hakina mlango, na mililita chache za ile kali zinaweza kumuua mtoto wa miaka mitatu. Kasha lenye kufuli, chumba cha ndani, ufunguo kwa mtu mmoja. Friji si lazima. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa na mfamasia ifuatwe. Maji yakibadilika rangi au kuweka utando, yarudishwe. Anayetumia kiraka cha kubandika ngozini cha fentanili, dawa ya jamii ya morfini, badala ya morfini ya kunywa ajue jambo jingine la joto: homa au jua kali huifanya dawa ipenye ngozi kwa kasi zaidi, kwa hiyo kiraka hakiendi pamoja na chupa ya maji moto wala kuota jua.

Mgonjwa akifariki, chupa itolewe chumbani kabla nyumba haijajaa watu wa tanga. Siku hizo tatu milango iko wazi, mizigo huhamishwa, wageni hulala kila chumba, na hakuna anayekumbuka ufunguo wa kasha uko kwa nani. Mmoja wa jamaa aipime mililita zilizobaki, aziandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari mbele ya mwenzake, kisha airudishe kwa mfamasia aliyeitoa. Isimwagwe kisimani wala kwenye karo, na asipewe jirani mwenye mgongo unaouma.